Usijaribie mkononi: namna ya kuzipima kemikali za dawa kabla hazijaleta aleji ya ngozi

Ukimuuliza mtu anayepika dawa ya kuchua, awe Unguja awe Pemba, kama dawa yake haileti aleji, jibu utakalopewa ni moja: "Nilijipaka mkononi jana, leo sijawashwa." Baada ya hapo chupa zinaanza kujazwa. Mimi ni mtu wa maabara. Nilifanya kazi ya udhibiti wa ubora kwenye kiwanda cha dawa huko bara kabla ya kurudi Chake Chake, na kwa heshima zote nasema hicho si kipimo. Tena huenda mpako huo wa jana ndio ulioianzisha hiyo aleji unayoikimbia.

Aleji ya kugusa haizaliwi siku moja. Kemikali ndogo, mara nyingi isiyozidi uzito wa daltoni 500, hupenya tabaka la juu la ngozi ikajibandika kwenye protini za mwili. Seli za kinga zilizomo ngozini huichukua protini hiyo yenye kitu kigeni, zikaipeleka kwenye tezi za limfu, na huko seli T hujifunza kuitambua. Mafunzo hayo huchukua kama siku kumi hadi wiki mbili, na muda wote huo mwenye ngozi hana habari: hawashwi, havimbi, analala usingizi wake. Atakapoigusa tena ndipo ngozi inapochachamaa, na hata hapo vipele huchukua saa 24 hadi 72 kujitokeza. Basi aliyejipaka jana akaamka salama leo hajajua lolote. Na ngozi ikishajifunza, kwa kawaida haisahau.

Mfano tunao majumbani. Piko nyeusi ile inayokolea haraka, inayotengenezwa kwa unga wa kutia nywele rangi, ina kemikali iitwayo PPD. Msichana anapakwa kwenye harusi ya dada yake, hana neno. Inakuja harusi yake mwenyewe, anapakwa mkono mzima, na baada ya siku mbili maua yote yameinuka malengelenge, jani kwa jani, kama yalivyochorwa. Huyo baadaye hata rangi ya nywele haimfai, na daktari wa meno inabidi amuulize kabla ya kumpaka benzokaini ya ganzi, kwa sababu kemikali hizo mbili zinashabihiana na ngozi yake inaweza kuzichanganya. Hina ya majani matupu haina PPD, msiisingizie.

Anza na karatasi, mashine baadaye

Mtoto wa kaka yangu na wenzake wa ushirika waliniletea kichupa cha dawa ya kuchua wanayotaka kuisajili. Nikamwambia, kabla sijakifungua, niandikie vyote vilivyomo. Akaandika: mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) kutoka kiwanda cha Wawi, mentoli, kafuri, methili salisileti, mafuta ya mdalasini "kidogo tu kwa harufu", nta ya nyuki, mafuta ya nazi. Nikamrudishia karatasi. "Mafuta ya makonyo" ni jina la sokoni. Mimi nataka kujua ndani yake mna nini na kwa kiasi gani. Makonyo, majani na karafuu zenyewe hutoa mafuta yasiyolingana, ingawa yote matatu kwa kawaida hubeba eujenoli, kemikali kuu ya karafuu, asilimia 80 hivi na kupanda.

Hii ndiyo hatua ya kwanza na watu wengi huiruka: kila kitu kivunjwe hadi kwenye kemikali yake, na kila kemikali iandikwe namba yake ya CAS, ile ya utambulisho inayotumika dunia nzima. Majina hubadilika kutoka duka hadi duka, namba haibadiliki. Eujenoli ni 97-53-0. Sinamaldehaidi, ndiyo harufu ya mdalasini, ni 104-55-2. PPD ni 106-50-3. Nta nayo usiiache eti kwa kuwa ni ya asili. Nta ghafi hubaki na gundi ya nyuki, ile wanayozibia nyufa za mzinga, na gundi hiyo ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana vizuri kwa kuleta aleji ya ngozi. Nta iliyosafishwa na kuchujwa barabara si sawa na ile uliyoletewa kwenye ndoo.

Kiwandani orodha huwa ndefu zaidi, maana dawa haitengenezwi kwa hatua moja. Kuna kemikali za katikati ambazo mgonjwa hatazikuta kabisa kwenye kidonge, lakini mfanyakazi anazichota, anazipima na kuziosha kwenye mapipa. Kiini cha kutengenezea penisilini nyingi, 6-APA, ni kimoja. DCC, inayotumika kuunganisha asidi za amino, ni nyingine, na hiyo ni kali kweli: wakemia na wafanyakazi wa viwandani wamepata ukurutu kwayo. Tena huyeyuka kwenye nyuzi joto 34 hivi. Kwa wenzetu wa baridi ni madonge magumu. Kwenye ghala letu la Februari inageuka uji unaonata kwenye glovu. Kwa upande wa hospitali, wauguzi wanaosaga vidonge vya klopromazini wamejulikana tangu zamani kupata aleji ya mikono kwa dawa wasiyoimeza wao.

Ukishapata namba, omba karatasi ya usalama ya kila kemikali kwa aliyekuuzia. Akikataa, badilisha muuzaji. Soma kifungu cha 2: ukiona H317, maana yake inaweza kusababisha aleji ya ngozi. H334 ni ya njia ya hewa, nayo ni balaa jingine. Kisha nenda kifungu cha 11, penye matokeo ya vipimo vyenyewe. Hapo kuwa macho. Karatasi nyingi zimeandikwa "hakuna data", na watu huisoma kama "hakuna tatizo". Kwangu mimi kemikali isiyo na data inashughulikiwa kama yenye H317 mpaka ipimwe.

Namba ya EC3

Kwenye kifungu cha 11 unaweza kukuta EC3. Inatokana na kipimo cha panya, mwongozo namba 429 wa mwaka 2002 wa OECD, shirika la nchi linalotoa miongozo ya kupima kemikali: kemikali inapakwa kwenye masikio ya panya siku tatu mfululizo, kisha inapimwa seli za tezi zilizo jirani zimezaliana kiasi gani. Kiwango cha kemikali kinachozidisha uzalianaji huo mara tatu ndicho EC3. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo kemikali inavyokuwa kali. Ikiwa asilimia 2 au chini, inaingia daraja la 1A, la kemikali kali za aleji. Ikizidi hapo, 1B. PPD iko karibu na asilimia 0.1. Isoeujenoli, ndugu wa eujenoli, iko kwenye 1.5 hivi. Eujenoli yenyewe ni karibu 13, yaani dhaifu.

Nilipomwonyesha kijana hizo namba akasema, "Shangazi, karafuu tumeitafuna tangu wadogo, babu akijitia jinoni. Leo imekuwa sumu?"

Sikusema sumu. Uwezo wa kemikali kuleta aleji ni jambo moja, na mtu kuipata kweli ni jambo la pili; baina ya hayo mawili kuna kiasi, muda, na eneo la ngozi. Ngozi haihesabu gramu ulizotia kwenye sufuria, inahesabu kiasi kilichokaa kwenye kila sentimita mraba yake. Tone moja la mafuta ya makonyo yasiyozimuliwa, lililobandikwa mahali pamoja, ni kali kuliko tone hilohilo lililotawanywa mgongo mzima kwa mafuta ya nazi. Sabuni inasuuzwa. Dawa ya kuchua inasuguliwa, inapata joto, inafunikwa na nguo, na mwenye mgongo mbovu anairudia kila usiku. Ndiyo maana siikubali hoja ya "mbona sabuni ya fulani ina karafuu".

Kipimo cha chupani

Kama data hazipo, siku hizi huna haja ya kuanza na mnyama. Kipimo ninachokipenda ni kile cha peptaidi, DPRA, mwongozo wa OECD namba 442C uliotoka mwaka 2015. Nimekipenda kwa sababu maabara yoyote yenye mashine nzuri ya HPLC, ile inayotenganisha kemikali na kuzipima, na mtu makini inaweza kukifanya, na kwa sababu kemikali yake ya kulinganishia, ile inayowekwa kila mara kuthibitisha kwamba kipimo kinafanya kazi, ni sinamaldehaidi. Mdalasini, huu huu wa kwenye safari za viungo za Kizimbani.

Wazo lake ni hili: ikiwa aleji huanza kwa kemikali kujibandika kwenye protini, basi ipe kemikali kijipande cha protini, ndiyo peptaidi, kwenye kichupa, uone kama itajibandika. Vijipande ni viwili, kimoja kina asidi ya amino iitwayo sisteini na kingine kina iitwayo laisini. Baada ya siku nzima unapima kimebaki kiasi gani. Kilichopungua ndicho kilicholiwa.

Pima kemikali ya kutosha kutengeneza myeyuko wa milimola 100 kwa lita. Kwa eujenoli, yenye uzito wa molekuli 164.2, ni miligramu 16.42 kwa kila mililita ya asetonitraili. Kama chupa inasema usafi ni asilimia 98, gawanya kwa 0.98, usiione tofauti hiyo ni ndogo. Yeyusha muda huohuo unaotaka kuitumia, si asubuhi kwa kazi ya mchana. Peptaidi ya sisteini inayeyushwa kwenye bafa ya fosfeti ya pH 7.5, ya laisini kwenye amoniamu asetati ya pH 10.2. Ukishachanganya, kemikali iwe mara 10 ya peptaidi kwa sisteini, na mara 50 kwa laisini. Vichupa vitatu vitatu kwa kila sampuli, pamoja na vichupa vya marejeo visivyo na kemikali, vya mwanzo na vya mwisho wa foleni, ili ujue kama peptaidi imeharibika yenyewe ikingoja zamu. Sisteini ina tabia hiyo: ikipata hewa hushikana yenyewe kwa yenyewe, na asiyeangalia atadhani kemikali imeila.

Kisha viache gizani saa 24 kwenye nyuzi joto 25. Kwetu mwongozo hauongopi lakini haukutufikiria. Nyuzi 25 kwa aliyeuandika ni joto la kawaida la chumba. Kisiwani ni baridi ya kutengeneza, na kabati la kawaida la maabara linajua kupasha tu, halijui kupoza. Tafuta lenye uwezo wa kupoza, liunganishe na betri ya akiba, na uweke kipimajoto kinachorekodi usiku kucha. Umeme ukikatika saa nane usiku na chumba kikapanda hadi nyuzi 31, matokeo yale si ya mwongozo tena, rudia kazi.

Asubuhi angalia kila kichupa kwa macho kabla ya kukipeleka mashineni. Kikiwa na ukungu au chembechembe chini, andika. Huenda kemikali haikubaki kwenye myeyuko na matokeo ya "haikula" yasiaminike. HPLC isomwe kwenye nanomita 220. Sinamaldehaidi yako lazima iwe imekula sisteini baina ya asilimia 60.8 na 100, na laisini baina ya 40.2 na 69.0. Isipofika humo, usisome hata mstari mmoja wa sampuli. Siku hiyo imeharibika.

Ikifika, chukua wastani wa upungufu wa peptaidi zote mbili. Mpaka ni asilimia 6.38. Tuseme sisteini imepungua 30 na laisini 2: wastani ni 16, jibu ni chanya, daraja la uchokozi mdogo, kwa kuwa daraja hilo hufika 22.62. Kutoka hapo hadi 42.47 ni uchokozi wa kati, na juu yake ni mkubwa. Wastani ukiangukia baina ya 3 na 10, upo mpakani, fanya mzunguko wa pili. Na kama kemikali yako inatoka mashineni dakika ileile na laisini, ikaifunika, unaruhusiwa kutumia sisteini peke yake kwa mpaka wa 13.89.

Kwa mafuta ya makonyo mazima kipimo hiki kina mgogoro, maana hesabu yote imesimama kwenye molekuli inayojulikana, na mafuta ni mchanganyiko. Pima viambato vyake vikubwa kimoja kimoja.

Vipimo vya seli

Hivi sivisemi sana kwa sababu si vya kufanyia kwenye maabara zetu za kawaida. Utatuma sampuli nje. KeratinoSens, mwongozo 442D, hutumia seli za ngozi zilizotengenezwa zitoe mwanga zikichokozwa. Mwanga ukizidi mara 1.5 na seli ziko hai zaidi ya asilimia 70, ni chanya. h-CLAT, mwongozo 442E, hutazama alama mbili juu ya seli za kinga: CD86 ifike asilimia 150 au CD54 ifike 200. Mwaka 2021 OECD ilitoa mwongozo 497 unaounganisha vipimo vyote vitatu, pamoja na DPRA: fanya viwili, vikikubaliana hilo ndilo jibu, vikipingana cha tatu kinaamua. Kipimo kimoja peke yake, hata hicho ninachokipenda, hakitoshi kusema kemikali ni salama.

Kemikali zinazojificha

Zipo kemikali ambazo zenyewe hazijibandiki popote, mpaka zikutane na hewa au zifike ngozini zibadilishwe na vimeng'enya. PPD huamshwa na hewa. Linaluli, iliyomo kwenye mafuta ya mrehani, na limonini ya maganda ya machungwa, zikiwa mbichi ni dhaifu sana. Zikikaa kwenye chupa nusu tupu, kila siku inafunguliwa, hutengeneza viini vipya vyenye aleji kali. Sampuli uliyoipeleka maabara ikiwa safi haimsemei mteja atakayenunua chupa iliyokaa dirishani mwaka mzima. Pima mbichi, na pima iliyozeeka. Hifadhi kwenye chupa za kioo cheusi, zijazwe hadi shingoni, mbali na bati la paa.

Wanaoshika kazi

Kwa vijana wa ushirika maamuzi yalikuwa mepesi. Mafuta ya mdalasini yaliondoka kabisa: ni makali, na yalitiwa kwa harufu tu. Nta ghafi ikabadilishwa kwa iliyosafishwa. Makonyo yakabaki, yakapunguzwa. Ubishi ulikuwa kwenye glovu. Mchanganyaji wao alikuwa akishika kwa mikono mitupu, na mteja anapaka kidogo ilhali yeye anachovya kwenye ndoo siku nzima. Aleji ikitokea, itaanza kwake. Glovu nyembamba za kuuzia vyakula hazifai, eujenoli inapita na plastiki nyingine inaila kabisa. Tumieni za nitraili, zibadilishwe kila zinapolowa, na mikono isioshwe kwa petroli wala spiriti baada ya kazi, kwa kuwa ngozi iliyokauka na kupasuka inafungua mlango.

Na kama mtu ameshaanza kuwashwa? Hapo anahitajika daktari wa ngozi, si mkemia. Kipimo cha kubandika, alichokitangaza Josef Jadassohn mwaka 1895, bado ndicho kinachotegemewa: kemikali kwa kiwango kilichopangwa inabandikwa mgongoni saa 48, inaondolewa, inasomwa, kisha inasomwa tena baada ya siku moja au mbili. Viwango vyake vimechaguliwa kwa uangalifu. PPD, kwa mfano, ni asilimia 1 kwenye vaselini. Usimbandikie mtu mafuta ghafi kwa plasta nyumbani ukaita kipimo. Utamuunguza, au utamfundisha ngozi yake kitu ambacho haikuwa ikikijua. Mgonjwa aende na kichupa chenyewe na ile orodha ya namba za CAS, asiende na maneno matupu.

Faili la usajili utakalopeleka Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar liwe na karatasi za usalama, cheti cha uchambuzi cha kila mzigo wa mafuta, na matokeo ya vipimo kama umevifanya. Kama una nia ya kuuza sabuni au losheni Ulaya, eujenoli lazima itajwe kwa jina kwenye lebo ikizidi asilimia 0.001 kwa kinachobaki mwilini, au 0.01 kwa kinachosuuzwa. Kwenye mapipa ya ghalani andika tarehe ya kufungua kwa rangi, au kwenye kibao cha bati kilichofungwa kwa waya. Mafuta ya karafuu yanafuta wino wa kalamu nyingi, na pipa lisilo na tarehe sipokei sampuli yake.